Jamaa wa chepe: gemu ya zamani au ya juzi? Majibu ya maswali yenu

Wadau, za siku. Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu gemu inaitwa Shovel Knight, ile ya jamaa aliyevaa chuma cha bluu mwili mzima na pembe mbili kichwani, silaha yake ni chepe, nikasema kwenye gemu za kuruka za miaka hii sijaona inayoifikia, basi meseji zikaanza kumiminika na nyingine za kunibishia kabisa, kwaiyo leo safu nzima ni hiyo na ndugu zake. Baadhi ya barua nimezifupisha ili wote mpate nafasi.

SWALI: Kaka mambo. Mimi niko Mbagala Rangi Tatu. Nimecheza hiyo Shovel Knight kwenye laptopu ya mjomba, nikawaambia washkaji kijiweni hii ni gemu ya miaka ya 80, ya enzi za kanda, mmoja akanibishia akasema ni ya juzi juzi tu. Tumewekeana kreti ya soda. Tuambie nani analipa.

JIBU: Mdogo wangu, kreti unalipa wewe. Shovel Knight ilitoka tarehe 26 Juni 2014. Walioitengeneza ni Yacht Club Games wa Marekani, timu ndogo ya watu waliokua wameajiriwa kwenye kampuni nyingine ya gemu wakaamua kutoka wakajitegemee. Hela hawakua nazo, kwaiyo Machi 2013 wakaenda Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha, chukulia ni kama michango ya harusi ila hapa unachangia kitu ambacho bado hakijazaliwa. Waliomba dola 75,000 wakapata zaidi ya dola 311,000, na bado hela ikakata kabla gemu haijakamilika, miezi ya mwisho wakapiga kazi bila mshahara.

Ila wala usijione umechemka, maana walikusudia kabisa uione ivo. Mashine waliyoifuata ni ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, Marekani wakaja kuiita NES, na zile mashine za kanda tulizochezea sisi uswahilini zilikua ni kopi za hiyo hiyo, ndo maana kanda moja ya njano ilikua inabeba Mario, vifaru, na bata wa kupiga kwa bunduki. Mimi nimekulia Tandika. Nyuma ya soko kulikua na kibanda cha mabati, TV ya chogo moja, mashine moja, unatoa shilingi hamsini unapewa roho tatu, zikiisha unapisha mwenzio. Mwenye kibanda alikua haruhusu mtu aguse kanda. Anaichomoa mwenyewe, anaigeuza, anaipuliza kwa chini, anaichomeka taratibu, na sisi wote kimya tunakodolea TV kuona kama itakuja rangi au itabaki kijivu.

Sasa sikia. Mwaka jana nimekutana na mashine kama ile Kariakoo kwa jamaa anaeuza vifaa chakavu, nikamwomba aiwashe, nikacheza kama nusu saa nimesimama pale pale, na kusema ukweli niliumia. Rangi zimepauka, picha imebanana, na maadui wakiongezeka tu wanaanza kuwaka na kuzima kama tyubu ambayo stata imekufa. Hilo la kupepesa nilikua silikumbuki hata kidogo! Na lilikuwepo tangu siku ya kwanza, sio kwamba mashine imezeeka, ile mashine ilikua haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa kioo, na mtu mmoja tu anakula vipande viwili kwa upana, kwaiyo wakifika watano kwenye mstari tayari kuna mtu hana nafasi, watengenezaji wakawa wanawapokezanisha, huyu anaonekana kufumba na kufumbua kisha anampisha yule.

Jamaa wa Yacht Club walikaa na mambo kama hayo moja moja wakaulizana hili tunalibeba, hili tunaliacha. Kupepesa wakaacha. Rangi wakabeba, NES ilikua na rangi 54 na wao wakakaa humo humo, wakaongeza chache tu pale walipokwama kabisa. Upana wa picha wakaongeza, ile ya zamani ilikua viboksi (vile vidoti vya mraba vinavyojenga picha) 256 kwa 240 na yao ni 400 kwa 240, ili ijaze TV pana za saivi. Mandhari ya nyuma wakayapa tabaka nyingi, milima inatembea pole pole na miti ya karibu inakimbia, kitu ambacho kwenye NES kilikua kazi pevu. Kwenye muziki ndo nawavulia kofia. NES ina njia tano tu za sauti, lakini Japani kulikua na kanda zilizokua zinakuja na chipu ya ziada ya kampuni ya gemu ya Konami inaitwa VRC6, inaongeza njia tatu, na mashine za Marekani hazikua na uwezo wa kuipokea hiyo sauti ya ziada, sasa mtunzi wa muziki wa Shovel Knight, Jake Kaufman, akaandika nyimbo zake kwa kufuata chipu hiyo, yaani sauti ambayo mtoto wa Marekani wa miaka ile hakuwahi kuisikia kwenye mashine yake lakini ni ya enzi ile ile. Alafu wakampata Manami Matsumae mwenyewe, yule mama wa Kijapani aliyetunga muziki wa gemu ya Mega Man ya kwanza ya 1987, akawapa nyimbo mbili.

Hata uchezaji wake una ukoo unaoeleweka. Kile kitendo cha kuruka juu ukaelekeza chepe chini ukawa unadunda kwenye vichwa vya maadui, kina ndugu yake kwenye gemu ya DuckTales ya 1989, pale bata Scrooge alipokua anadundia fimbo yake. Mabosi wanane, yaani wale maadui wakubwa wa mwisho wa steji, kila mmoja na steji yake ni utaratibu wa Mega Man. Kwaiyo mshkaji wako kashinda kwa tarehe, ila wewe ulichokiona kwenye laptopu ya mjomba ni zile gemu za kanda kama zilivyobaki kichwani baada ya miaka yote hii, zile mbovu zake zimeshasahaulika, na kuzikumbuka ivo sio kosa lako. Mi mwenyewe mpaka nilipofika Kariakoo ndo nikajua.

SWALI: Habari kaka. Mimi ni dada wa Sinza, nachora nembo na mabango kwa kompyuta, ndo kazi yangu. Mdogo wangu anacheza hizo gemu za viboksi na mimi kila nikipita nauliza, kompyuta zote hizi zenye nguvu, kwanini watu wazima wachore kama wamekosa rangi? Mimi naona ni uvivu.

JIBU: Dada yangu, wewe ni mchoraji kwaiyo hili tutaelewana haraka. Fungua programu yako unayochorea, tengeneza karatasi ya viboksi 16 kwa 16, alafu chora humo mtu ambaye mteja wako akimwona kwa nusu sekunde anajua huyu ni nani, anaenda wapi, na kama amekasirika. Jaribu kweli, usinisome tu. Utagundua kwamba ukihamisha kiboksi kimoja tu cha jicho mtu amebadilika sura. Kwenye bango lako ukikosea nywele moja hakuna atakaeona, humu ndani kiboksi kimoja ni pua nzima.

Mario yule unaemjua, masharubu yake na kofia yake havikutokana na mtu kupenda masharubu. Mwaka 1981 alipochorwa kwa mara ya kwanza kwenye Donkey Kong, Shigeru Miyamoto hakua na viboksi vya kutosha kuchora mdomo ukaonekana, akaweka masharubu ili pua na uso vitengane, na nywele zinazocheza wakati mtu anaruka nazo zikawa mtihani, akamvalisha kofia. Sura inayojulikana dunia nzima imetoka kwenye ufinyu wa nafasi. Na kwenye Super Mario Bros. ya 1985, angalia mawingu alafu angalia vichaka vya chini, ni mchoro mmoja ule ule, wamebadilisha rangi tu, kwa sababu gemu nzima ilikua kama KB 40, picha moja ya kawaida ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana.

Saivi ufinyu huo haupo, ni kweli, mtu anajiwekea mwenyewe kwa kupenda. Ila hebu fikiria na upande wa idadi ya watu. Gemu kubwa za picha kama sinema zinatengenezwa na mamia ya watu. Mjapani mmoja anaitwa Daisuke Amaya alitengeneza Cave Story peke yake, hadithi, michoro, muziki, kodi (yale maandishi ya kuiamuru kompyuta), vyote, ilimchukua miaka mitano, akaitoa mwaka 2004 bure kabisa. Asingejiwekea mipaka ya viboksi asingeimaliza hata nusu. Hapo kwenye neno uvivu ndo nakukatalia dada, kwa heshima zote.

Lakini wavivu nao wapo, hilo nakubaliana na wewe, na jicho lako la uchoraji litawakamata mapema kuliko mimi. Angalia ukubwa wa viboksi. Ukiona mtu ana viboksi vidogo, mti nyuma yake una viboksi vikubwa, na maandishi ya maksi ni laini kabisa hayana kiboksi hata kimoja, huyo amekusanya picha huku na kule akazibandika. Au kitu kinazunguka alafu viboksi vyenyewe vinalala upande. Mtu anaejali hafanyi ivo, anachora upya kila pozi kwa mkono, jamaa wa chepe akiinama kuchimba ule ni mchoro wake, akigeuka ni mchoro mwingine.

SWALI: Mwandishi, mimi ni baba wa watoto watatu, Kimara Temboni. Huyu wa kiume ana miaka tisa, anacheza hiyo gemu ya chepe uliyoiandika, anakufa sehemu moja mara thelathini mpaka analia, na kesho yake anarudi tena pale pale. Mama yake anasema tuizime. Wewe unashauri nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwanza nikuulize, ulishakaa nae ukaangalia anakufa wapi? Sikuulizi kwa ubaya. Kuna kufa ambako mtoto anajifunza na kuna kufa ambako gemu yenyewe inamwonea, na ukiwa sebuleni umekaa mbali vyote vinasikika kilio kile kile.

Zile gemu za kwetu za kanda zilikua zinaonea sana. Roho tatu, zikiisha unarudi mwanzo kabisa hata kama ulibakiza bosi wa mwisho. Chanzo chake ni mashine za sarafu kwenye kumbi za gemu huko nje, mashine inataka ufe haraka utumbukize sarafu nyingine, na mwenye kibanda wetu Tandika nae alikua anaitaka ile shilingi hamsini. Shovel Knight imeufuta huo mfumo. Roho hazihesabiwi. Mtoto akifa anarudi kwenye taa ya karibu aliyoipita, na anachopoteza ni sehemu ya hela alizochimba, zinabaki zinaelea kwenye mifuko midogo yenye mabawa pale pale alipofia, akifika tena anaziokota, akifa tena kabla ya kuzifikia ndo zimeenda moja kwa moja. Mwangalie vizuri kijana wako mzee, naamini nusu ya machozi yale ni ya ile mifuko.

Alafu kuna kitu kimoja ambacho kwangu ndo akili kubwa ya gemu ile. Zile taa za kurudia, unaweza kuzivunja kwa chepe ukapata hazina iliyomo, lakini ukishaivunja haikurudishi tena. Kwaiyo anaejiamini anaongeza ugumu mwenyewe, na anaeogopa anaiacha taa salama, hakuna anaelazimishwa, hakuna maandishi ya kumuuliza wewe ni hodari au dhaifu. Mwambie kijana asivunje taa! Nina uhakika anazivunja. Watoto wote wanazivunja kwa sababu zinang'aa.

Akishindwa kabisa, mtafutie Celeste ya mwaka 2018. Hiyo ni ya msichana anapanda mlima, na ni ngumu kuliko ya chepe, lakini ina sehemu ya msaada ambayo mzazi unaweza kupunguza spidi ya gemu nzima, au kumfanya mchezaji asife, kidogo kidogo kadiri unavyotaka. Kitu kingine ndani ya hiyo Celeste ni huruma ambayo haionekani kwa macho. Mtu akikimbia mpaka ukingoni akapitiliza, akawa ameshatoka kwenye ardhi, gemu bado inamruhusu kuruka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Watengenezaji wanaiita kwa jina la yule mbweha wa kwenye katuni anaekimbia hewani mpaka aangalie chini ndo aanguke. Mtoto haijui hiyo, yeye anajua tu kwamba kidole chake kimetii. Zile gemu mbovu hazina hiyo kitu, unabonyeza kabisa mwenyewe unajua umebonyeza na mtu wako anazama shimoni, na hapo ndo mtoto anarusha pedi.

Kuizima sikushauri. Kaa nae nusu saa, ikiwezekana chukua pedi ufe na wewe mara kumi, umsikie atakavyokuelekeza.

SWALI: Mimi sina laptopu wala TV, nina simu tu, Temeke Mwisho. Kuna ya kwetu sisi?

JIBU: Ipo, na hii nilikua natafuta sababu ya kuiandika. Inaitwa Dandara, ya mwaka 2018, imetoka Brazil kwa timu ndogo sana inaitwa Long Hat House, na tangu mwanzo imefikiriwa kwa kidole kwenye kioo cha simu. Gemu nyingi za kuruka ukiziweka kwenye simu wanakuchorea mishale pembeni, kidole gumba kinateleza, unakufa. Dandara hatembei kabisa. Anaruka tu, kutoka sakafuni kwenda ukutani, kutoka ukutani kwenda darini, unavuta kidole kuelekea unapotaka akanase, na juu na chini vinabadilika muda wote mpaka kichwa kinazunguka siku ya kwanza, ya pili ushazoea.

Na jina lenyewe. Dandara anakumbukwa Brazil kama mwanamke shujaa wa Palmares, makazi ya watu weusi waliotoroka utumwa karne ya 17 wakajijengea maisha yao porini wakapigana kuyalinda, na wengi wa watu wale walikua wametolewa huku huku Afrika, upande wa Kongo na Angola. Mara ngapi umeshika gemu ukakuta mhusika mkuu ni dada mweusi mwenye afro na hakuna anaemweleza ni nani, yuko tu katikati ya kioo kama ilivyo haki yake? Mi nilivyoiwasha mara ya kwanza nilikaa sekunde kadhaa nikimwangalia tu kabla sijagusa.

Kingine, ukikutana na faili linasambazwa kwenye magrupu linadai ni Shovel Knight ya bure ya simu, pita mbali.

SWALI: Hizi gemu nalipiaje nikiwa Dar? Sina kadi ya benki.

JIBU: Baadhi ya mitandao ya simu ina kadi ya mtandaoni unaijaza kutoka kwenye hela zako za simu, hiyo inafanya kazi kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Subiri punguzo, huwa yanakuja mara kadhaa kwa mwaka na bei inashuka kweli. Gemu zenyewe ni nyepesi, hazimalizi bando kama zile kubwa za GB 100, na laptopu ya RAM GB 2 inaibeba Shovel Knight bila shida. Na ukinunua mara moja umenunua, walioichangia mwaka 2013 waliahidiwa nyongeza za kucheza kama mabosi, Yacht Club wakazitengeneza kweli mpaka ya mwisho Desemba 2019, bila kumdai mtu aliyekua nayo hata senti. Kama huna hela kabisa Cave Story ya mwanzo bado ni ya bure, ni MB chache tu.

Za wizi nakukataza kwa sababu yameshanikuta. Niliuziwa flashi dukani, gemu "zote" kwa buku tano, laptopu ikaingia virusi na nikapoteza picha za msiba wa bibi yangu ambazo hazipo kwa mtu mwingine yeyote.

SWALI: Bro heshima kwako. Niko Gongo la Mboto, nina miaka 19, nimejifunza kodi kidogo YouTube. Nataka kutengeneza gemu ya kuruka ya konda wa daladala, iwe na sura ya zamani, na steji kuanzia Gongo la Mboto mpaka Posta, na Kariakoo nzima ndani, na mwendokasi, na mvua, na trafiki ndo mabosi. Nimeanza mara tatu nikaacha. Nianzie wapi?

JIBU: Mdogo wangu barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Konda ni wazo zuri kinoma, na nadhani unajua, kwa sababu kazi yake yenyewe ni kuruka, anaruka gari haijasimama, anakimbia nayo pembeni, anagonga bodi mara mbili suka aondoe, anadandia mlangoni mguu mmoja nje. Huna haja ya kumtungia uwezo wowote, anao.

Kilichokushinda mara tatu ni Kariakoo nzima. Celeste ninayoisifia hapo juu, ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa na watu wawili kwa siku nne tu, kwenye programu ya kutengenezea gemu inaitwa PICO-8, na hiyo PICO-8 inakubana makusudi, kioo viboksi 128 kwa 128, rangi 16, gemu nzima KB 32, zikijaa zimejaa. Ile ndogo ilivyokua tamu ndo wakakaa chini wakatengeneza kubwa. PICO-8 ya kawaida ni ya kulipia ila wana toleo la kujifunzia la bure unafungulia kwenye brauza, na kuna nyingine ya namna hiyo hiyo inaitwa TIC-80, hiyo ni ya bure kabisa, kioo 240 kwa 136, rangi 16 vile vile. Zote unaandika kwa lugha ya Lua, ukiwa umejifunza kidogo utaisoma siku hiyo hiyo. Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu, nayo ni ya bure na ni nzuri, ila hiyo iache kwanza kwa sababu haikuzuii kitu, na wewe saivi unahitaji kuzuiwa.

Konda mchore viboksi 16 kwa 16. Kumbuka masharubu ya Mario, tafuta ni kitu gani kimoja kinachomfanya konda awe konda hata akiwa kama punje, mimi ningeanza na zile noti alizozikunja kwa urefu zikakaa katikati ya vidole, mkono umeinuliwa, viboksi vitatu vya rangi ya noti basi, mtu yeyote wa Dar anamtambua. Lakini hata kabla hujamchora weka kisanduku cheupe tu. Kisanduku kiruke. Ukibonyeza kidogo kiruke kidogo, ukishikilia kiende juu zaidi, kikianza kushuka kishuke haraka kuliko kilivyopanda, kisielee kama puto. Mpe ile sehemu ya kumi ya sekunde ya huruma kwenye ukingo, na huruma nyingine ya upande wa pili, mchezaji akibonyeza kuruka kabla kidogo hajagusa chini, gemu ikumbuke, akigusa tu aruke. Kaa na hicho kisanduku hata wiki nzima mpaka ujikute unakirusha rusha bila sababu huku unaongea na simu. Ukifika hapo ndo umvalishe shati la konda.

Alafu usitengeneze njia ya mpaka Posta. Tengeneza kituo kimoja. Lami, mtaro, kibanda cha mihogo, daladala moja imesimama na nyingine inaondoka, konda atoke kwenye hii adandie ile, basi. Ikishachezeka mpe mdogo wako au mtoto wa jirani, usimwelekeze chochote, kaa pembeni na daftari uandike kila anapokufa na alichokisema alipokufa. Hapo kwenye mtaro nahisi watakufa wengi. Alafu nitumie hicho kituo kimoja kwa anwani ya safu hii, ntakicheza mpaka mwisho na nitakuandikia sehemu nilizofia mimi.